Harusi ya ufukweni: hesabu watu kabla ya kuhesabu fedha

Katikati ya wiki iliyopita binti mmoja ambaye ofisi yake imepakana na yetu alinijia saa ya chakula cha mchana akiwa na karatasi tatu mkononi. Binti huyu ni karani wa mahesabu, na mchumba wake ni fundi umeme. Posa imekwisha kupokelewa, mahari imekwisha kukubaliwa, na siku ya harusi inakaribia. Kila karatasi ilikuwa na picha ya bahari ya samawati, tao la maua meupe lililosimikwa mchangani, na chini yake bei.

"Dada," akaniambia, "sisi tumeamua kwamba hatutaki ukumbi wala kamati. Tunataka harusi ndogo ya ufukweni. Nisaidie kuchagua."

Karatasi ya kwanza ilitoka katika hoteli moja ya Nungwi, kaskazini ya Unguja. Ya pili ilihusu mahali fulani Bagamoyo, na ya tatu Kigamboni. Nilizisoma zote mpaka mwisho, hata yale maandishi madogo yaliyofichwa chini, kisha nikamwuliza swali moja: "Ni nani na nani watakaokuwapo?" Binti akanyamaza. Bei za karatasi zote tatu alikuwa amekwisha kuzihifadhi kichwani. Orodha ya majina hakuwa nayo.

Mazungumzo yetu yalichukua siku tatu. Nimeona nisiyaache yaishie kwenye meza ya chakula, maana vijana wengi wa mijini hivi sasa wanazo karatasi za namna hiyo, na wazazi wao wanakosa usingizi kwa ajili yake.

KWA NINI UFUKWENI?

Atakayesema kwamba vijana hawa wanaiga wageni tu atakuwa hajawatendea haki. Kila mfanyakazi wa mjini anaifahamu kadi ya mchango, ile ambayo hufika mezani mwake siku mbili kabla ya mshahara. Anavifahamu vikao vya kamati, ambavyo navyo vina gharama zake. Kwanza huja sherehe ya kumwaga binti, kisha harusi yenyewe, na katikati wapo mwenye ukumbi, mpambaji, mpiga picha, mwenye muziki na mshereheshaji, na kila mmoja ana ankara yake. Mamia ya watu hulishwa, na baadhi yao hata jina la bibi harusi hawalijui. Siku ya tatu maharusi huamka wakiwa na picha nzuri na deni.

Kwa hiyo kijana anayesema, "Nitaoa kwa kiasi cha uwezo wangu," anastahili kupongezwa. Harusi ndogo haina aibu yoyote. Lakini udogo huo hapana budi uwe umeamuliwa na watu wanaohusika, wakiwa wameketi pamoja na kukubaliana. Udogo ulioamuliwa na karatasi ya hoteli, kwa sababu tu imeandikwa "watu 10", ni jambo jingine kabisa, na jeraha lake huchukua muda mrefu kupona.

KIFURUSHI NI KITU GANI?

Hoteli nyingi za pwani huuza harusi kama duka linavyouza kapu la sikukuu: vitu kadhaa vimefungwa pamoja kwa bei moja. Humo aghalabu huwamo tao na maua, viti vichache, meza ya kutilia saini, keki ndogo, kinywaji cha kupongezana, na pengine mpiga picha kwa saa moja au mbili. Vingine huongeza chumba cha maharusi kwa usiku mmoja au miwili. Vijana hukiita pakeji. Sisi na tukiite kifurushi.

Uzuri wa kifurushi ni kwamba huhitaji kukimbizana na watu saba. Ubaya wake ni kwamba bei iliyochapwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni ya maharusi wawili na wageni wachache sana. Kila anayezidi hulipiwa peke yake. Natutazame mfano wa kubuni: kifurushi ni cha shilingi milioni 3 kwa wageni 10, na kila anayezidi ni shilingi 150,000. Jamaa wakifika 30, wamezidi 20, na nyongeza yake ni shilingi milioni 3 nyingine. Bei imekwisha kuwa maradufu kabla hata tiketi moja ya boti haijakatwa.

Basi kabla ya kuuliza bei, andika majina. Anza na wale ambao bila wao ndoa hiyo isingekuwapo: wazazi, waliokulea, mashahidi, ndugu wa tumbo moja. Kisha andika wale ambao ungependa wawepo. Piga mstari kati ya makundi hayo mawili. Kifurushi kisichotosha kundi la kwanza kirudishe, hata kama picha zake zinapendeza namna gani.

NDOA NA SHEREHE NI MAMBO MAWILI

Jambo la pili ambalo karatasi hizi hulipita haraka ni kwamba tao la maua halifungi ndoa. Vifurushi vingi ni vya sherehe tu: maharusi hutembea mchangani, huvishana pete, hupigwa picha. Kama hakuna mwenye mamlaka ya kufungisha ndoa, na kama haikuandikishwa, jioni itakuwa imepita vizuri lakini cheti hakipo.

Kwa Waislamu mambo ni mepesi kiasi, kwa kuwa akdi inaweza kufungwa msikitini, nyumbani au hata ufukweni, maadamu walii yupo, mashahidi wawili wapo, mahari imetajwa, na maneno ya kuozesha na kukubali yametamkwa. Kwa Wakristo, hasa Wakatoliki, ndoa kwa kawaida hufungwa kanisani, na mahali pengine huhitaji ruhusa ya wakubwa wa Kanisa. Kwa hiyo padri aulizwe kabla ya hoteli. Wanaotaka ndoa ya bomani nao wamwulize msajili mapema kama inawezekana kufungwa nje ya ofisi na kwa kibali gani.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa siku zisizopungua 21 kabla, ili mwenye pingamizi apate nafasi ya kulieleza, na inataka mashahidi wasiopungua wawili. Lakini msomaji akumbuke kwamba sheria hiyo ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ndoa na ofisi zake za usajili. Maharusi wa Dar es Salaam wanaotaka kufunga ndoa yenyewe Unguja, wala si kusherehekea tu, waulize huko huko mapema, kwa barua, na wasitegemee neno la mwuza vifurushi.

Njia iliyo rahisi kwa wengi ni kufunga ndoa nyumbani, mbele ya wazee na kiongozi wa dini au msajili, kisha kwenda baharini kufurahi. Hapo bahari inapewa kazi inayoiweza.

BAHARI INA SAA ZAKE

Picha katika karatasi zote tatu zilionyesha maji yamejaa. Hakuna hoteli inayochapisha picha ya maji makavu. Lakini katika pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa muda unaozidi kidogo siku moja, na kila siku saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvu, na tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufikia karibu mita 4 katika eneo la Unguja na Dar es Salaam. Siku hizo za bamvu maji hujaa kiasi cha saa kumi alasiri, na hukauka kiasi cha saa nne asubuhi. Baada ya wiki moja, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayakauki sana.

Mahali nako kuna tofauti. Upande wa mashariki ya Unguja, kama Paje, Bwejuu na Jambiani, bahari ni ya kina kifupi mpaka kwenye mwamba, na maji yakitoka huenda mbali mno. Nungwi na Kendwa, kaskazini, maji hayaondoki sana. Tena anayetamani kupigwa picha jua likichwa baharini achague ufuko unaotazama magharibi, kama Kendwa. Kigamboni bahari ipo mashariki. Hapo jua litachwa nyuma ya mgongo wako, juu ya minazi.

Majira yasisahauliwe pia. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua haimwogopi bibi harusi. Kusi ikivuma katikati ya mwaka, upepo hupeperusha shela na vitambaa vya meza, na boti ya kwenda Unguja, ambayo huchukua kiasi cha saa mbili, huwatapisha hata vijana, seuze bibi wa miaka themanini. Kwa hiyo kila kifurushi kiulizwe: mvua ikinyesha tutakwenda wapi? Kama jibu ni "haitanyesha", funga karatasi hiyo.

NILIYOYAONA MWENYEWE

Nayasema haya kwa sababu yamenipata. Mwezi Agosti mwaka 2019 mdogo wangu wa kiume alifanya harusi yake katika hoteli moja mashariki ya Unguja. Kifurushi kilikuwa cha watu 12. Sherehe ilipangwa saa nne na nusu asubuhi, ili sisi wageni tuwahi boti ya jioni. Hakuna hata mmoja wetu aliyetazama mwezi.

Tulipofika mchangani bahari haikuwapo. Mbele yetu palikuwa na mchanga wa kijivu mpaka upeo wa macho, ngalawa zimelala ubavu, na akina mama wa kijiji wameinama kwenye mwani wao. Mmoja wao alipita karibu na viti vyetu na furushi la mwani kichwani, akatusalimu kwa adabu, akauliza kama tunasubiri nini. Tulipomweleza akacheka kidogo. "Wanangu, leo bamvu. Maji hayarudi hapa mpaka alasiri. Mngeuliza." Kweli, tungeuliza. Tulikuwa tumemwuliza karani wa hoteli kuhusu rangi ya maua, na hatukumwuliza mwenyeji yeyote kuhusu bahari.

Lakini bahari ilirudi alasiri, kama mama yule alivyosema. Lipo jambo jingine ambalo halijarudi.

Mama mkubwa, dada wa mama yetu, ndiye aliyemlea mdogo wangu tangu darasa la kwanza hadi la saba, wakati mama akifanya kazi mbali. Ndiye aliyemfulia sare na kumsimamia hesabu kwa mwanga wa kibatari. Tulipopanga majina yakafika 13. Hoteli ilisema kila anayezidi analipiwa, pamoja na chumba na chakula. Tukaangalia fedha tulizokuwa nazo, tukaona kuwa nyingi mno kwa mtu mmoja. Tukasema, "Mama mkubwa ataelewa." Juma lile lile tulilipia nyongeza ya maua ili tao liwe pana zaidi.

Mama mkubwa hakulalamika. Alituma doti ya kanga na mkeka aliousuka mwenyewe. Alipoulizwa na jirani kwa nini hakwenda, alisema, "Nilisikia nafasi zimejaa." Mwaka uliofuata mdogo wangu alipata mtoto. Siku ya arobaini mama mkubwa alikuja, akaketi karibu na mlango kama mgeni, akampokea mtoto alipopewa, akamrudisha alipoombwa, na kabla ya chakula akaaga. Yule ambaye zamani angeingia jikoni bila kuambiwa, siku hiyo alisubiri kukaribishwa.

Lile tao pana la maua lilitupwa jioni ile ile ya harusi. Mkeka ungalipo. Mdogo wangu amekwenda kwake mara nyingi tangu hapo, na uhusiano unajengwa upya polepole, lakini bado hajui aanze vipi kuisema siku ile. Hata mimi sijui.

BEI ILIYOANDIKWA NA BEI ISIYOANDIKWA

Turudi kwenye karatasi. Ukisha kujua watu wako na siku yako, ndipo uanze kubishana juu ya fedha. Haya hapa ni mambo ya kuuliza, na majibu yake yaandikwe:

Je, bei imejumuisha kodi na ada ya huduma, au zitaongezwa mwishoni? Wanaolala Zanzibar wanalipa tozo gani kwa kila usiku, na nani atailipa?

Je, bei imetajwa kwa shilingi? Kanuni zilizotolewa mwaka 2025 zinakataza kutangaza bei za bidhaa na huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Mfanyakazi anayelipwa kwa shilingi asikubali kubeba wasiwasi wa kupanda na kushuka kwa dola.

Je, mpiga picha na mpambaji wa nje wanaruhusiwa bila malipo? Hoteli nyingine huwatoza ada wasio wao, na ndugu yako mwenye kamera anaweza kuzuiwa mlangoni.

Je, viti vitasimama juu ya mchanga mtupu au juu ya mbao? Mzee mwenye mkongojo hawezi kutembea kwenye mchanga laini, wala kiti chembamba hakimstahimili mtu mnene. Kivuli je? Jua la saa nane halichagui mgeni rasmi.

Je, mkiahirisha kwa msiba au ugonjwa, malipo ya awali yatarudishwa kwa kiasi gani na kwa muda gani? Lipa kwa akaunti ya hoteli yenyewe, si kwa simu ya mtu binafsi, na usiondoke bila stakabadhi.

Tena kuna nauli. Watu 20 kwenda Unguja na kurudi, teksi mpaka bandarini, gari la kuwafikisha kijijini, na malazi kwa wasioweza kurudi siku hiyo: haya yote hayamo katika karatasi, lakini yamo mfukoni mwa mtu. Ukimwalika mjomba anayeishi kwa pensheni aje harusi iliyo ng'ambo ya bahari, kisha ajilipie mwenyewe, umemtumia kadi ya mchango kwa njia nyingine.

Mwisho, kumbuka kwamba ufuko una wenyewe. Wavuvi hupita, watoto hucheza, akina mama huokota chaza. Katika vijiji vya Zanzibar mavazi ya heshima hutarajiwa mtu atokapo eneo la hoteli. Mgeni mwema hubisha hodi hata pasipo na mlango.

BINTI AMEAMUA NINI

Siku ya tatu binti alirudi na orodha. Majina yalikuwa 43, na juu ya mstari 19. Miongoni mwa hao 19 alikuwamo mama yake, ambaye anatembea kwa mkongojo tangu alipovunjika nyonga, na babu wa mchumba wake.

Nungwi ikaondoka yenyewe, kwa sababu ilikuwa ya wageni 10. Bagamoyo ilikuwa nzuri na nafasi ilitosha, lakini kukodi basi la kwenda na kurudi, kiasi cha kilomita 70 kila upande, kulizidi akiba yao, na mama asingeweza kukaa garini muda huo. Ikabaki Kigamboni, ile karatasi yenye picha mbaya kuliko zote. Pana baraza la saruji hatua chache kutoka mchangani, lenye paa la makuti. Mama ataketi hapo na bahari ataiona. Jamaa watavuka kwa pantoni au watapita darajani, na usiku kila mtu atalala kwake.

Akdi itafungwa Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri katika msikiti wa mtaani kwao, Temeke, na walima utakuwa ufukweni kuanzia saa kumi. Wamechagua Jumamosi iliyo karibu na mwezi mpevu, ili maji yawe yamejaa. Tao la maua wameliondoa katika kifurushi, na kwa fedha hiyo wameongeza sahani sita.

Nilipomwuliza kuhusu karatasi ya Nungwi, akacheka na kuikunja vizuri ndani ya mkoba. "Hii siitupi, dada. Tukijaliwa akiba mwakani, tutakwenda fungate. Si imeandikwa bei ya watu wawili?"

Msomaji, kama nawe unayo karatasi ya namna hii mezani, usianze na picha. Chukua kalamu, geuza upande wa nyuma usio na maandishi, uandike majina. Na kama katika harusi yenu lipo jina lililosahauliwa, tuandikie namna mlivyolisawazisha. Wapo wanaohitaji kusoma, na mmoja wao ni mwandishi wa safu hii.